Madevelopa mnaowauzia wanakikundi CMS ya hedlesi halafu mnazima simu, mnaumiza watu!

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Tabora mjini, kazi yangu ni tovuti, na hili nimeshindwa kunyamaza.

Kuna kikundi cha wafuga nyuki hapa, wengi ni akina mama. Walijichanga wakamlipa fundi awatengenezee tovuti ya kuuzia asali. Akawafungia CMS (mfumo wa kuandikia na kuhifadhi maudhui ya tovuti) ya hedlesi, akawaonyesha pa kuandikia, akachukua chake, akaondoka. Simu hapokei mpaka leo.

Mwezi uliopita mhazini alipandisha bei ya ndoo ya lita 20. Akaingia, akafuta bei ya zamani, akaandika mpya, akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Mfumo ukamjibu imechapishwa. Akifungua tovuti kwenye simu, bei ni ileile! Akarudia mara saba. Juzi mteja katoka Mwanza na skrinishoti mkononi, anataka ndoo 6 kwa bei aliyoiona. Mama wa watu kwa aibu akamuuzia, hasara juu yake. Ananiambia, "Mwanangu, nilijua nimekosea mimi." Imeniuma sana.

Hajakosea popote. Hedlesi ni ghala lililotengwa na duka. Ukiandika, maudhui yanabaki ghalani. Duka ni programu nyingine kabisa, inayoyafuata kwa API, yaani mlango ambao programu moja huombea data kwa nyingine. Na duka hili limejengwa kwa kurasa tuli: HTML, yaani ukurasa wenyewe, inatengenezwa siku ya kubildi (kuijenga tovuti), haibadiliki mpaka ibildiwe tena. Ndiyo maana tunaweka webuhuku, ili mtu akichapisha, CMS iigongee hosti (kampuni inayoiweka tovuti hewani) na bildi ianze yenyewe. Nimefungua mipangilio, sehemu ya webuhuku ni tupu. Hata kujaribu hakujaribu!

Kuna baya zaidi. Ruhusa za umma, ambazo zilitakiwa ziishie kwenye kusoma, zimeachwa wazi hadi kufuta. Yeyote mwenye anwani ya API angeweza kuwafutia bidhaa zote bila hata kuingia. Hiyo nimeifunga usiku uleule.

Na hedlesi ya nini kwa kurasa 5? Mimi mwenyewe naitumia, pale maudhui yaleyale yanapotakiwa kwenye tovuti na kwenye app ya simu. Hawa hawana app. WordPress ya kawaida ingewatosha, na wangetaka API baadaye, ipo humo tangu toleo 4.7 la Desemba 2016. Wewe fundi ulitaka kujifunzia kwa hela za watu. Kajifunzie kwenye kompyuta yako, bure, uvunje unavyotaka.

Webuhuku nimeshindwa kuiweka kwa sababu akaunti ya hosti umeifungua kwa barua pepe yako. Ukisoma uzi huu unajijua. Wakabidhi akina mama akaunti yao wiki hii, bei ya zamani bado iko hewani.