Ziara ya kasri la Buckingham na watoto wa miaka 3 na 8, inalipa?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuzunguka London na watoto. Tunatoka Dodoma Agosti, wakati vyumba rasmi vya kasri viko wazi kwa wageni.

Vyumba ni 19, matembezi yanachukua kama saa mbili hadi mbili na nusu. Kinachonitia hofu ni choo: kipo mwishoni kabisa, bustanini. Wa miaka 3 akibanwa mkojo katikati ya ziara, tunafanyaje? Kigari cha mtoto kinaachwa mlangoni, unaazimwa mbeleko, na mtoto wa kilo 15 mgongoni muda wote huo si mchezo. Kula ndani hairuhusiwi. Ni kweli chini ya miaka 5 haalipi, ila tiketi za wakubwa ni ghali.

Nawaza mzazi mmoja aingie na wa miaka 8, mwingine abaki na mdogo bustani ya St James's Park, kuna bata na ndege aina ya mwari. Au tuache kabisa, tutazame walinzi wakibadilishana zamu getini bure, hela iende ngome ya Tower of London kwenye mataji ya kifalme na kunguru?

Mngechagua lipi?