Kesi ya Fagan: kosa lilianza lini hasa?

mwanafunzi_jinai: Wadau msaada, nasoma sheria ya jinai ya Uingereza, lekchara anasema kitendo na nia ovu lazima vikutane wakati mmoja, sasa kesi ya Fagan ya 1968 inanichanganya, jamaa gari lake lilipanda mguu wa polisi bila kukusudia, kosa la shambulio limetoka wapi?

Mzee_wa_Kanuni: Hukumaliza kusoma mkuu 😂 Polisi alimwambia atoe gari, jamaa akamtolea lugha chafu, injini ikazimika, tairi liko palepale mguuni. Majaji wakasema kitendo kilikuwa bado kinaendelea, nia ilipoingia tu vikakutana.

mwanafunzi_jinai: Lakini kukaa tu si kitendo jamani?

binti_sheria: Ndo alichosema Jaji Bridge, eti gari likishasimama Fagan hajafanya kitu, ila wenzake wawili wakamzidi kura. Soma pia Thabo Meli ya 1954 kutoka Basutoland (Lesotho ya sasa), walimpiga mtu wakadhani kafa wakambwaga chini ya genge (mteremko mkali wa mwamba), kumbe yuko hai akaja kufa kwa baridi, wakajitetea eti wakati wanambwaga walijua ni maiti. Privy Council (mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za makoloni) ikagoma, yote ni tukio moja.

mwanafunzi_jinai: Duh, hiyo ya pili inatisha. Asanteni