Wiki 3 Yanaka, Tokyo: nifanye nini nisiwakere wenyeji?

MamaTausi_Jinja
Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anasoma Tokyo, amenialika nikae naye wiki 3 mtaa wa Yanaka, karibu na stesheni ya Nippori. Mimi nauza nyanya sokoni, na watalii nawajua. Juzi mwenzangu alikuwa ananyonyesha, mgeni akamwelekezea kamera. Akajifunika kanga. Yule mtu akazunguka upande wa pili ili ampate vizuri! Sitaki niwafanyie watu wa Yanaka hivyo. Aliyewahi kukaa kule anieleze.

Kaka_Bugembe
Karibu mama. Mimi nilikaa pale miaka 2. Yanaka ilinusurika sana kwenye tetemeko la 1923 na mabomu ya vita, kwa hiyo nyumba nyingi za mbao zimebaki na vichochoro ni vyembamba. Usiku wa kwanza nilifika saa 5 nikiburuta begi la magurudumu. Bibi wa jirani akafungua mlango, akanitazama, akainamisha kichwa, akafunga. Hakusema neno, lakini aibu niliyoipata! Kuanzia hapo begi nililibeba mkononi.

Takataka ndilo jambo kubwa. Mapipa barabarani ni machache mno, hasa tangu shambulio la gesi kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995. Weka mfuko kwenye mkoba, urudi na uchafu wako nyumbani. Nyumbani nako zinatenganishwa, za kuchomwa na chupa kila moja na siku yake. Unazitoa asubuhi ya siku hiyo na kuzifunika wavu, maana kunguru wa kule wanachambua mifuko kama karoli, wale korongo wakubwa wa jalalani Kampala.

Yanaka Ginza, ile njia ya maduka, ni fupi, kama mita 170 tu. Nunua kwa wazee wa pale. Ukinunua nyama ya kusaga iliyokaangwa, ile menchi-katsu, uile ukiwa umesimama palepale dukani, usitembee ukitafuna. Na makaburi ya Yanaka yana miti mizuri ya maua, lakini ni makaburi, mama. Watu wanakuja kuwaona wazazi wao.

Binti_Arua
Mkipita Kyoto, angalieni mtaa wa Gion. Mwaka 2024 walifunga vichochoro vya watu binafsi kwa watalii, faini yen 10,000, kwa sababu wageni walikuwa wanawafukuzia maiko, wale wasichana wanaojifunza kuwa geisha, na kamera. Ni kama ya mwenzako wa sokoni. Halafu beba chupa yako, maji ya bomba ni salama kunywa.

MamaTausi_Jinja
Asanteni sana wanangu. Kaka, jirani wa mdogo wangu naye ni bibi mzee. Nikimpelekea kahawa ya Bugisu itakuwa vibaya?

Kaka_Bugembe
Vizuri sana, ila pakiti ndogo, asije akajiona ana deni. Mpe kwa mikono miwili, mchana, msiingie ndani asipowakaribisha.