Mjadala: Herufi moja kupewa namba mbili kwa kompyuta, ni akili ama uzembe?

MwanaTudor: Wadau salaam. Nasoma theolojia, nimekopi aya za Agano Jipya la Kiyunani kwa tovuti mbili nikazipesti fail moja. Nikisachi neno lenye ά kompyuta yanipa za tovuti moja tu, zile zengine ati hazipo na mimi naziona kwa macho! Kumbe kwenye Yunikodi, ile orodha inayopa kila herufi ya dunia namba yake kwa kompyuta, ά iko mara mbili, namba 03AC na 1F71, sura ileile. Nani alipitisha hii? Mimi naona alama zote zingekaa kando, mtu achukue α abandike alama ya mkazo, namba 0301, juu yake, basi.

fundi_makupa: Si uzembe ni historia. Wagiriki walikuwa na mikazo mitatu na alama za pumzi mbili, mwaka 81 ama 82 hivi serikali yao ikafuta ikabakisha mkazo mmoja, na ile orodha yao ya namba za herufi kwa kompyuta, ISO 8859-7, ikabeba huo mmoja. Yunikodi ikarithi. Halafu wasomi wa maandishi ya kale wakataka seti kamili, ndo ikaja safu ya 1F00 mpaka 1FFF. Mkazo mpya na ule wa zamani ukaja kuhesabiwa kitu kimoja, lakini sheria yao namba ikishatolewa haifutwi. Pitisha fail yako kwa NFC, yaani ile njia ya kusawazisha herufi zenye namba zaidi ya moja, 1F71 zote zitageuka 03AC.

kongowea_ndani: Wagiriki wenyewe washatupa hizo alama, sisi Mombasa zatuhusu nini? Stima yapotea nyinyi mwabishana nukta. Afadhali Kiarabu, herufi safi, hakuna vikofia vikofia.

WaBamburi: Vikofia?? Hapo umenilenga. Jina la mamangu lina ĩ na ũ, kuna ofisi hapa mjini ilimtolea karatasi ina alama ya kuuliza katikati ya jina, akazungushwa mwezi mzima ati si yeye. Tumeishi huku miaka na bado mnatuletea dharau.

kongowea_ndani: Nani amekutaja bro, nimesema Wagiriki. Na kanisa lao bado laandika hivyo hivyo wala hawalii. Kiarabu ni safi, huo ndo ukweli.

Bint_Kibokoni: Mwanangu, hujui nyamaza. أ nayo ina njia mbili, 0623 nzima ama alifu tupu 0627 ukaipachika hamza, kile kialama cha juu, 0654. Tena nenda kwa safu ya FE70 uone, sura ya herufi ikiwa peke yake, ya mwanzo wa neno, ya kati na ya mwisho zote zimepewa namba, yaani ب (ba) na ile 0628 yake ya kawaida namba zafika tano. Usafi wako uko wapi? Irabu ndo zakaa kando, fatha na kasra, vile MwanaTudor ataka.

MwanaTudor: NFC imefanya kazi, shukran fundi. Lakini swali langu mmelikimbia, mbona zisikae kando zote?

fundi_makupa: Nafasi, kwanza. Chukua ᾧ, ina pumzi, mkazo wa wimbi na ayota, kiherufi kidogo, chini. Kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo kwa fail, ikiwa nzima yala nafasi ya baiti 3, ukiipasua ni vipande vinne, baiti 8. Na fonti nyingi zikipewa vipande alama zapandana ama zaenda kukaa juu ya herufi jirani.

WaBamburi: Baiti ni bei rahisi saa hii fundi. ĩ pia iko nzima, 0129, na bado ile ofisi ilishindwa. Shida ni watu hawajali mpaka jina liwe lao. Na kongowea sijasikia pole.

kongowea_ndani: Pole ya nini? Bint, hio ba tano siamini, leta picha.

Bint_Kibokoni: Sina kazi ya kukupigia picha. FE8F, FE90, FE91, FE92, andika mwenyewe. Na WaBamburi mpe pole yake, kijana mkaidi wewe.

kongowea_ndani: Nikizikosa hizo namba mwanipa pole nyinyi wawili.