Daktari anataka nimpasue mbwa peke yangu. Nifanyeje?

Binti wa Kigamboni: Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya afya ya mifugo na uzalishaji kutoka LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, na huu ni mwezi wa nane nipo kwenye kliniki ndogo ya mbwa na paka hapa Dar. Kazi naipenda mno. Nachanja, naweka dripu, nakesha na watoto wa mbwa wenye parvo, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika, mpaka wanyanyue vichwa na kulamba maji.

Shida ni daktari mwenye kliniki. Siku nyingi hayupo. Jumamosi aliletwa mbwa jike wa kufungwa kizazi. Nikampigia simu, akajibu, "Umeniona nikifanya mara ngapi? Mlaze, fanya." Nikamwomba mteja arudi siku nyingine. Daktari amenuna mpaka leo, anasema kama naogopa damu nikauze duka. Halafu tangu niajiriwe sijachanjwa kichaa cha mbwa, na nimeshaparuzwa mara tatu. Nina mdogo wangu namsomesha. Niache kazi au nivumilie?

Mzee wa Josho: Mwanangu, huku Simanjiro daktari yuko mbali. Tunazalisha ng'ombe usiku kwa tochi. Ukimngoja, mnyama anakufa. Jifunze, usiogope.

Daktari Moro: Mzee wangu, shikamoo, ila hayo ni mambo mawili. Ndama aliyekwama ni dharura. Kufunga kizazi kunangoja. Mimi nimesomea udaktari wa mifugo SUA, chuo kikuu cha kilimo, miaka 5 na sifungui tumbo la mbwa bila mtu wa pili. Zailazini, dawa ya kumlaza mnyama, inashusha mapigo ya moyo, kwa hiyo lazima mtu aangalie pumzi na rangi ya ufizi muda wote. Mikono yako iko tumboni, uzi umeteleza kwenye mshipa wa ovari, damu inajaa: nani ataona kwamba ameacha kupumua?

Dada, kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, mwenye diploma anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Mbwa akifia mezani na mteja akaenda Baraza la Veterinari, atakayeulizwa ni aliyeshika kisu. Mwambie daktari apange siku za upasuaji akiwepo, wewe ulaze na kulinda pumzi. Hiyo ni kazi yako, na ni kubwa. Akikataa, anza kutafuta kwingine ukiwa bado na mshahara.

Mama Paka: Mimi ni mteja tu. Kwa kumrudisha yule mbwa, Mungu akubariki.

Chanjo Kwanza: Mbona swali la chanjo limepitwa? Kichaa kikishaonyesha dalili, hakuna tiba. Kwa watu wa kazi yako Shirika la Afya Duniani linashauri dozi 2 za kinga, ya pili siku ya 7 baada ya ya kwanza. Na ukiparuzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama umechanjwa. Hao mbwa waliokuparuza wako wapi?

Binti wa Kigamboni: Asanteni sana, daktari nitaongea naye Jumatatu. Mbwa wawili ni wa majirani, leo nimewaona, wazima. Wa tatu ni wa mtaani, aliletwa na watoto. Sijui alipo.

Chanjo Kwanza: Lini? Damu ilitoka?

Binti wa Kigamboni: Wiki mbili zilizopita, kwenye kiganja. Kidogo tu. Nitaenda kesho asubuhi.

Chanjo Kwanza: Hujachelewa, lakini usingoje kesho. Hospitali ya rufaa inapokea usiku. Nenda sasa, dada, ukifika utuandikie hapa.