Nimelelewa CECA 20, nimeolewa Mvara. Imani yangu ni ya mapokeo gani?

MamaVitenge (Arua)

Wapendwa, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na nimelelewa CECA 20, kanisa la kiinjili la kule. Nilibatizwa mtoni nikiwa msichana mkubwa, baada ya darasa ambalo mwalimu wake hakuwa na mchezo: usipoikariri Yohana 3, rudi mwakani. Sasa nimeolewa Arua. Mume wangu ni wa Kanisa la Uganda, yaani Mwanglikana, ukoo wao wote unasali Mvara. Mama mkwe anataka mjukuu abatizwe kabla ya Krismasi, na akina mama wa Umoja wa Akina Mama kanisani wananisukuma nipate kipaimara. Juzi shemeji yangu, msomi wa chuo kikuu, alikuja kibandani kwangu sokoni, akaniuliza maswali, mwisho akacheka: "Shemeji, wewe ni robota la mitumba, kila nguo ina mwenyewe."

Nimekaa na neno hilo. Mambo ninayoamini ndiyo haya, mniambie.

Mtoto mchanga siwezi kumwona akibatizwa nikatulia. Kwetu mtoto analetwa mbele, mchungaji anamwombea, basi. Maji yanamngoja mpaka aamini mwenyewe. Hapo sisukumiki. Wokovu ni neema tupu, Waefeso 2:8, lakini mtu anaweza kuuacha kwa mapenzi yake. Nimewaona walioacha, tena watu waliokuwa wanahubiri, na Waebrania 6 siwezi kuiruka. Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Anayeniambia kwamba Mungu aliwatenga wengine waangamie hata kabla hawajazaliwa, tutakosana naye.

Meza ya Bwana ndipo ninapojishangaa. Nilifundishwa ni ukumbusho tu. Lakini tangu nianze kukaa viti vya nyuma pale Mvara, siendi mbele, naangalia tu watu wakipiga magoti, imani hiyo imenitoka. Naamini Kristo yupo pale kweli. Sisemi mkate umegeuka kuwa kitu kingine. Yupo.

Kunena kwa lugha ni karama, si ya kila mtu. Maaskofu hawanisumbui, ila siwahitaji ili niwe Mkristo.

Sasa hii inaitwaje?

MotoWaJuu (Kampala)

Dada, Yesu hakuleta dini wala dhehebu. Jazwa Roho, achana na majina ya watu.

MamaVitenge

Asante ndugu. Jibu hilo kampe mama mkwe wangu wewe mwenyewe, mimi naogopa.

MwalimuMstaafu (Mukono)

Binti, shemeji yako amecheka mapema. Nimefundisha historia ya kanisa muda mrefu, na mambo uliyoyataja yana ukoo unaojulikana.

Anza na jambo ambalo pengine hata mama mkwe hajasimuliwa. CECA 20 na kanisa la Mvara vimetoka katika misheni moja, Africa Inland Mission. Iliingia Kongo 1912, ikaanzia Kasengu, kule Mahagi. Mwaka 1918 ikaja Arua, lakini upande huu ilipatana na askofu wa Uganda kwamba watakaoamini watakuwa Waanglikana. Kwa hiyo misheni ileile, ng'ambo ikalea kanisa lisilo na askofu, linalozamisha walioamini, na huku ikalea kanisa linalobatiza watoto. Ugomvi ulio sebuleni kwako una umri mkubwa kuliko ndoa yako.

Kwenye ubatizo wewe ni Mbaptisti, hakuna la kuzunguka. Zürich, Januari 1525, kikundi kidogo kilibatizana upya kwa sababu hiyohiyo unayoitoa, na baadaye wengine wao wakauawa. Waingereza waliokimbilia Amsterdam wakiongozwa na John Smyth walifanya vivyo hivyo 1609. Baadhi yao, chini ya Thomas Helwys, walirudi London 1612. Hawa ndio wanaokufaa zaidi, kwa maana walishika pamoja mambo unayoyashika: ubatizo wa aliyeamini, Kristo aliyekufa kwa ajili ya wote, na mtu anayeweza kuanguka kutoka kwenye neema. Wanaitwa Wabaptisti wa Jumla.

Juu ya wokovu uko kwa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema. Wafuasi wake Uholanzi waliandika hoja tano mwaka 1610, na sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ya Dordrecht ya 1618 hadi 1619 ikazikataa. Watu husahau kwamba kuhusu kuanguka walikuwa waangalifu sana: 1610 walisema tu kwamba jambo hilo lichunguzwe zaidi katika Maandiko. Wewe umewapita! John Wesley ndiye aliyelisema bila kumung'unya, naye alikufa 1791 akiwa kasisi wa Kianglikana. Kwa hilo hakuna atakayekufukuza Mvara.

Kuhusu Meza, wanamatengenezo Luther wa Ujerumani na Zwingli wa Uswisi walikutana Marburg 1529, wakakubaliana hoja 14 kati ya 15, wakashindwana hapohapo unapojishangaa. Nyumbani ulilelewa na Zwingli, aliyesema ni ukumbusho. Unayoyasema sasa ni ya Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, na yamo katika kifungu cha 28 cha vile vifungu 39 vya Waanglikana: mwili wa Kristo huliwa kwa namna ya kimbingu na ya kiroho, na njia ya kuupokea ni imani. Yaani Calvin unakosana naye aliposema Mungu huwachagua wa kuokoka tangu kabla hawajazaliwa, halafu unakaa naye mezani. Hauko peke yako, makanisa yetu yamejaa watu wa namna hiyo.

Ukinibana nikupe jina, nitasema Mbaptisti wa Kiarminio anayeiamini Meza kama Mwanglikana. Lakini mimi sipendi kuhesabu imani kama kura, tatu huku, mbili kule. Angalia ni lipi ambalo likitolewa, mengine yanayumba. Maaskofu uliwapa sentensi moja. Lugha, sentensi moja. Ila mtoto asubiri aamini "mwenyewe", na aliyeacha ameacha "kwa mapenzi yake". Kwako mtu ni lazima amwitikie Mungu kwa kinywa chake, na asiyetaka halazimishwi. Ubatizo wako na wokovu wako vyote vimeota hapo.

WaEdiofe (Arua)

Mnagawana bila kutuita sisi majirani Wakatoliki! Kwamba mtu anaweza kupoteza neema, Mtaguso wa Trento ulilisema 1547. Na neema tupu haitutengi kama unavyodhani, mama. Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko juu ya kuhesabiwa haki kule Augsburg 1999, Wamethodisti wakaliunga mkono 2006. Tunaagana tu hapo uliposema mkate haujageuka. Karibu hata hivyo, kwaya yetu inawashinda Mvara.

MzeeWaKigezi (Kabale)

Mwanangu, mimi nimeokoka ndani ya Kanisa la Uganda na sijawahi kutafuta jina lingine. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, mmisionari wa Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe 1929, wakaomba pamoja, na moto wa uamsho ukaenea Rwanda, Kigezi, Kenya, Tanganyika. Hawakuanzisha dhehebu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwamo, na hata wao hawakujenga kanisa lao. Sisi walokole tunamjua mtu kwa kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Ukitubu leo, kesho ukatubu tena mbele ya ndugu, hayo ya Arminius yatakusaidia nini?

MwalimuMstaafu

Mzee wangu, heshima yako. Lakini hata uamsho una babu zake. Wamisionari wa Gahini walichota sana mafundisho kwenye mikutano ya Keswick, Uingereza, iliyoanza 1875: kujitoa kabisa, maisha ya ushindi juu ya dhambi. Mtu asiyetaja mapokeo yake anayo, ila hayamwulizi maswali.

MzeeWaKigezi

Hapo umenipata kidogo. Lakini Tukutendereza, wimbo wetu walokole, nitaendelea kuimba.

MamaVitenge

Mwalimu, hilo la kuitikia kwa kinywa chako mwenyewe limenishika koo. Ndilo hasa, na sikuwa nimelisikia likisemwa hivyo. Nilimsomea mume wangu. Alinyamaza, akamaliza chai yake, ndipo akaniambia nikuulize: nikienda kwa askofu nitabatizwa upya? Maana kurudia siwezi. Na je, nitaapa kwamba ninakubali vifungu vyote 39? Na mtoto?

MwalimuMstaafu

Hubatizwi upya. Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Waanglikana hawarudii. Katika kipaimara utazithibitisha ahadi zako mwenyewe, kisha askofu atakuwekea mikono na kukuombea. Muumini wa kawaida hatii sahihi vifungu 39, hilo ni la makasisi. Kwa kweli ibada hiyo ni nyepesi kwako kuliko ilivyokuwa kwa mumeo: yeye alikuwa anathibitisha maneno waliyomsemea wazazi wake wa ubatizo, wewe yako uliyasema mtoni.

Mtoto ndiye mlima. Kifungu cha 27 kinataka ubatizo wa watoto wachanga udumishwe, kwa hiyo usiende ukidhani kasisi atakuwa upande wako. Lakini Kitabu cha Sala cha 1662 kina ibada kamili ya kuwabatiza watu wazima, hivyo aliyesubiri hajafungiwa mlango. Na kwa taarifa ya mama mkwe, kitabu hichohicho kinaagiza mtoto mwenye afya azamishwe majini, kumwagiwa ni kwa aliye dhaifu.

Mwombe kasisi afanye sala ya shukrani kwa ajili ya mtoto sasa, ubatizo ungoje. Akikataa, mjue tu mapema. Nenda na mumeo, na iwe siku ya kazi, si Jumapili baada ya ibada ukoo wote ukiwa mlangoni.