Mtu anapimwa kuinua kona ya tofali, kisha anapewa cheti cha kusimamia saiti. Huu ni mzaha!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una hasira, nasema mapema ili asije mtu hapo chini akaniambia nipunguze munkari.

Mtu aliyejifunzia ufundi kazini, nje ya mfumo rasmi, anaomba atambuliwe kama fomani, yaani msimamizi wa mafundi saitini. Anapelekwa karakana, anapewa mwiko, kamba, timazi na pima maji, anaambiwa ainue kona ya kozi (mistari ya tofali) tano. Mtahini anatazama wima, anatazama viungo, anatiki. Jioni kafuzu. Kafuzu nini? Huyo ni mwashi, pengine mwashi hodari sana. Kazi ya msimamizi ni kukamata kosa la watu 20 kabla zege halijamwagwa, na hilo hulioni kwenye kona ya tofali hata uitazame kutwa nzima. Sisemi vituo vyote viko hivyo. Vinavyofanya hivyo vinajijua.

Na kabla hata ya mtihani, ngazi zenyewe zinawachanganya waajiri. Trade test ya zamani, yaani mtihani wa ufundi, ilishuka: daraja la III ndilo la chini, la I ndilo la juu. NVA, yaani tuzo za ufundi stadi za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania), zinapanda: ngazi ya I ndiyo ya mwanzo, ya III ndiyo ya juu. Sasa meneja anashika karatasi mbili, moja ya "daraja I", nyingine ya "ngazi I", anawalipa sawa. Mwenye trade test daraja I analia, na ana haki. Juu ya hizo kuna NTA 4, 5 na 6, tuzo za fundi sanifu chini ya NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), na mtu wa NVA anayetaka kuvuka kwenda huko anazungushwa kuanzia dirisha la kwanza hadi la mwisho. Lakini hilo lina uzi wake.

Turudi kwenye kupima. Mnataka kumjua msimamizi? Mpeni mchoro wa slabu ya mita 10 kwa 8, unene milimita 150, mwambieni aagize saruji ya zege la 1:2:4 (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne). Ujazo ni mita za ujazo 12. Kila moja inakula mifuko sita na kitu, kwa hiyo ni 76 au 77, na ya ziada kwa upotevu. Akikwambia "mifuko 50 inatosha, tutaona mbele," mrudishe nyumbani. Slabu itakatikia njiani saa kumi jioni, duka limefungwa, kesho zege jipya linakutana na lililokwisha kushika, na maji yatapita kwenye kiungo hicho maisha yote ya jengo.

Kisha mpelekeni kwenye mchanganyiko. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, mchanga ni ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Ndoo, narudia, iliyojazwa na kusawazishwa mdomoni! Koleo siyo kipimo, na toroli la asubuhi halilingani na toroli la saa nane mchana. Maji ni lita 25 kwa mfuko kama uwiano wa maji kwa saruji, kwa uzito, ni 0.5, na mchanga ukiwa mbichi unapunguza, kwa sababu tayari umebeba maji yake. Hapo ndipo penye mtego mwingine: mchanga mbichi huvimba, wakati mwingine robo nzima, kwa hiyo ndoo ileile ina mchanga pungufu, na mbao zikifunguliwa unakuta kokoto tupu na mashimo ubavuni mwa nguzo. Halafu mnamlaumu wa vibreta, mashine ya kushindilia zege. Saidia fundi akiona zege zito anaongeza ndoo ya maji ili limwagike kirahisi. Kwenye mfuko mmoja ulikuwa 0.5, sasa uko 0.9. Msimamizi asiyepiga kelele pale pale hastahili hata kofia.

Koni ya slampu, ya kupimia ulaini wa zege bichi, ina urefu wa milimita 300, inajazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka mapigo 25. Wangapi kati ya waliofuzu wamewahi kuishika? Kyubu za milimita 150, vipande vya zege vya kupima nguvu yake, zinakaa ndani ya maji mpaka siku ya kuvunjwa, ya 7 na ya 28. Ya siku ya 7 ikitoa chini sana ya theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa, unaanza kuuliza maswali siku hiyohiyo. Ukingoja ya 28 utakuta ghorofa nyingine imeshapanda juu yake.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni nondo za kibaraza. Kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta kinavutika upande wa JUU, kwa hiyo nondo kuu zinakaa juu. Mafundi wengi wamezoea slabu ya kati ya kuta mbili, ambako nondo kuu ziko chini, wanaleta mazoea yale yale. Na hata zikifungwa sawasawa, wabeba karai wanazikanyaga siku ya kumwaga, zinashuka mpaka chini, zege linafunika, hakuna anayejua. Dawa yake ni viti vya nondo vya kuzishikilia juu, mbao za kupitia juu yake, na mtu mmoja wa kuzinyanyua zege linapofika. Mirunda (miti inayoshikilia mbao za zege) ikitolewa ndiyo unasikia "kibaraza kimeshuka." Hili swali moja tu lingetosha kuchuja nusu ya watahiniwa, na silioni likiulizwa.

Tulipoteza watu 36 jengo lilipoanguka pale Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013. La Kariakoo likaja Novemba 2024. Kila likianguka jengo tunabishana habari za kibali na mhandisi. Sawa, wabanwe. Lakini mhandisi anapita mara moja kwa wiki. Anayeshinda pale kuanzia saa moja asubuhi ni fomani, na cheti chake hakuna anayeuliza kilipatikanaje.

Wenzetu Uingereza, NVQ (cheti chao cha ujuzi wa kazi) ya ngazi ya 4 ya usimamizi wa saiti haina chumba cha mtihani. Mtathmini anamfuata mtu kazini, anamtazama, anamhoji, anakagua faili la ushahidi. Utambuzi wetu wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ulipaswa kwenda njia hiyo. Badala yake mtahiniwa anaambiwa wiki moja kabla, "njoo na ushahidi," anakuja na picha tatu amevaa kofia, ananyoosha kidole kwenye ukuta. Kosa la nani? La aliyemwandikisha bila kumwambia faili linajengwa miezi, siyo wiki.

NYONGEZA: wengi mmeuliza faili liwe na nini. Shajara ya saiti ya kila siku: hali ya hewa, mafundi wangapi, saidia fundi wangapi, vifaa vilivyoingia na namba ya hati ya mapokezi, kazi iliyofanyika, kilichokwama na sababu. Maelekezo ya mdomo ya mhandisi yaandikwe siku hiyohiyo naye asaini. Fomu ya ukaguzi kabla ya kumwaga, ikiwa na nafasi kati ya ringi (nondo nyembamba zinazozunguka zile kuu), biskuti za kuinua nondo kutoka chini na urefu wa kupishana pale nondo mbili zinapoungana. Kupishana kwa mara 50 ya unene, nondo ya milimita 16 ni milimita 800. Picha iwe na futi ya kupimia iliyotandazwa juu ya nondo, namba zinasomeka. Picha ya sura yako haina kazi. Majibu ya kyubu kutoka maabara. Barua ya mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) inayosema ulisimamia kipi, kuanzia lini mpaka lini, siyo "namfahamu ni mchapakazi." Na kumbukumbu za maelezo ya usalama ya asubuhi, zikiwa na saini za waliohudhuria.

Mkuu uliyesema fundi wa zamani hajui kuandika: shajara si insha. Mistari sita inatosha. Asiyeweza kuandika kabisa asaidiwe, ahojiwe kwa mdomo saitini mbele ya mchoro. Asirudishwe kwenye kona ya tofali.